Pakiti Imeandikwa Kilimanjaro: Kemia Inaweza Kuthibitisha Nini?

Siku hizi pakiti za kahawa kwenye maduka ya Dodoma zimejaa maneno. Kahawa halisi asilimia 100. Arabika tupu. Imetoka miteremko ya Kilimanjaro. Kahawa maalumu. Bei nayo imepanda sambamba na maneno, na mnunuzi hana namna ya kwenda kuhakikisha, maana mkoa wetu si wa kahawa. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kwa wastani iko chini kidogo ya milimita 600 kwa mwaka, na mbuni si mmea wa kustahimili kiangazi cha huku. Kinachonywewa Dodoma kimetoka Moshi, Mbinga, Mbozi, Tarime au Karagwe kwa lori, kikapita mikononi mwa wanunuzi, wakoboaji na wakaangaji kabla hakijapangwa rafuni. Kila aliyekishika njiani alikuwa na nafasi ya kuchanganya.

Ndiyo maana hoja ya "si tupeleke maabara tu" husikika mara kwa mara, na huku kwetu ina mashiko. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina makao yake makuu hapa hapa Dodoma, na TBS, shirika la viwango, ndiyo inayosimamia usalama na ubora wa chakula tangu 2019, ilipopokea jukumu hilo kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Lakini hakuna mashine popote duniani inayomwagiwa kijiko cha kahawa ikajibu "halisi" au "feki". Vilivyopo ni vipimo vinavyojibu maswali madogomadogo, na kila dai lililoandikwa kwenye pakiti lina swali lake, kifaa chake na udhaifu wake. Ukimpelekea mkemia swali pana atakurudishia jibu lisilokusaidia, na bili utalipa.

Kahawa ya kijiweni tuiweke pembeni. Ile inayochemka kwenye dele juu ya mkaa, ikanywewa kwa kikombe kidogo na kipande cha kashata, haijadai kitu. Muuzaji wake hajaandika popote kwamba ni arabika ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Anauza uchungu, moto na mazungumzo, na akitia tangawizi kila mtu anaionja. Uchakachuaji unaanza pale neno linapotozwa pesa.

Je, ni kahawa tupu?

Hili ndilo swali kongwe kuliko yote. Kahawa ikishakaangwa na kusagwa inakuwa unga mweusi wenye harufu kali, na karibu chochote kinachoweza kuunguzwa kinajificha ndani yake: mahindi, shayiri, soya, mizizi ya chikori, maganda ya kahawa yenyewe, hata vijiti. Zamani wakaguzi walitumia hadubini kutafuta chembe za wanga ambazo hazimo kwenye punje ya kahawa. Mbinu hiyo bado inafaa kwa unga wa kusaga, lakini kwa kahawa ya kuyeyuka papo kwa papo hakuna chembe ya kuitazama, kwa hiyo wakemia wakahamia kwenye sukari.

Wanachofanya ni kuichemsha sampuli kwa asidi hadi minyororo mirefu ya wanga na nyuzinyuzi ikatike kuwa sukari sahili, kisha kuzitenganisha moja moja kwa kromatografia na kuzipima. Nafaka zina wanga mwingi, hivyo glukosi inapanda. Maganda na vijiti vina nyuzinyuzi za aina nyingine, hivyo zailosi inapanda. Kiwango cha kimataifa ISO 24114 cha 2011 kinaweka mipaka kwa kahawa ya kuyeyuka: jumla ya glukosi isizidi asilimia 2.46 na jumla ya zailosi isizidi asilimia 0.45. Mipaka hii iliwekwa kwa ajili ya kahawa ya kuyeyuka tu. Ukiitumia kuhukumu kahawa ya kusaga ya kawaida, ambayo bado ina nyuzinyuzi zake zote, utamhukumu asiye na hatia.

Kuna njia nyingine, na hii inayahusu mashamba yetu ya huku moja kwa moja. Atomu za kaboni hazina uzito mmoja. Karibu 99 katika kila 100 zina uzito wa 12, na takriban moja ina uzito wa 13. Mimea inapovuta hewa ukaa huichuja kaboni ile nzito kwa viwango tofauti. Mahindi, mtama, uwele na miwa vina mfumo wa usanisinuru unaoitwa C4, ambao hauchagui sana, hivyo kaboni nzito nyingi inapita. Mbuni, mpunga, ngano, shayiri na karibu miti yote hutumia mfumo wa C3, unaoikataa zaidi. Ukipima kwa kulinganisha na kipimo rejea cha kimataifa, mahindi huangukia karibu na hasi 12 kwa elfu, na kahawa karibu na hasi 27. Pengo ni kubwa. Mtu akikaanga mtama wa Kongwa akauchanganya na kahawa, kaboni yake itakuwa ngeni.

Wanaouza asali ya Manyoni na Itigi wanaijua hesabu hii kupitia wanunuzi wa nje. Nyuki wa misitu ile wanatembelea maua ya miti, ambayo ni C3. Mtu akiongeza sukari ya miwa, ameingiza C4. Kipimo cha asali kina werevu wa pekee: hakiilinganishi asali yako na asali ya mtu mwingine, kinalinganisha sukari na protini za asali hiyo hiyo. Protini ina kaboni ya asili ya asali, na anayeongeza sukari haongezi protini. Tofauti kati ya viwili hivyo ikizidi 1 kwa elfu, asali imechezewa, na kiasi kilichoongezwa ni takriban asilimia 7 au zaidi.

Kahawa ikipimwa nzima nzima haina shahidi wa ndani wa namna hiyo. Fanya hesabu: kahawa ya hasi 27 ikichanganywa na mahindi ya hasi 12 kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi, mchanganyiko unasogea hadi karibu hasi 25.5. Lakini kahawa safi kutoka mashamba mbalimbali inatofautiana yenyewe kwa yenyewe kwa zaidi ya hapo, kwa sababu ya ukame, kivuli na mwinuko. Uongo wa asilimia 10 unazama ndani ya tofauti za kawaida. Na aliyechanganya chikori, shayiri au soya, ambazo zote ni C3, kaboni haimwoni kabisa. Ndiyo sababu kipimo cha sukari bado ndicho kinachotangulia, na cha kaboni kinakuja kuunga mkono.

Je, ni arabika?

Hapa pana pesa nyingi zaidi, kwa sababu robusta, ile aina nyingine kuu ya kahawa, kwa kawaida ni ya bei ya chini na ikishasagwa haitofautiki kwa macho. Kabla sijaendelea niseme jambo moja kwa ajili ya ndugu zetu wa Kagera: robusta si kahawa feki. Wahaya walikuwa wakichemsha na kukausha matunda yake na kuyatafuna muda mrefu kabla wamisionari hawajapanda arabika Kilema, Kilimanjaro, mwaka 1898. Robusta iliyochumwa ikiwa imeiva na kuandaliwa vizuri ni kinywaji cha heshima. Kosa lipo kwenye pakiti inayoiita arabika.

Spishi hizi mbili ni jamaa wa karibu. Arabika ilizaliwa porini kwa mseto wa robusta na mbuni mwingine uitwao Coffea eugenioides, na uchambuzi wa jenomu uliochapishwa 2024 ulikadiria kwamba hilo lilitokea kati ya miaka 350,000 na 610,000 iliyopita. Arabika ina kromosomu 44, robusta 22. Kwa hiyo mkemia anatafuta tofauti kati ya mzazi na mtoto, na tofauti nyingi ni za kiasi tu, si za kuwepo au kutokuwepo.

Chukua kafeini. Arabika ina takriban asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa punje kavu, robusta huwa asilimia 2 na kuendelea. Inaonekana rahisi, hadi mtu achanganye robusta kidogo na arabika yenye kafeini ndogo, ukapata namba inayofaa kabisa kwa arabika ya kawaida. Asidi za klorojeni nazo ni nyingi zaidi kwenye robusta, lakini zinavunjika kwenye moto, na kadiri mkaangaji anavyokaanga hadi weusi ndivyo ushahidi unavyoteketea. Trigonelini, ambayo arabika inayo zaidi kidogo, nayo inaungua. DNA inakatikakatika. Kukaanga ni rafiki mkubwa wa mchakachuaji.

Kinachosalimika ni mafuta. Ndani ya mafuta ya kahawa kuna molekuli iitwayo 16-O-metilikafestoli, ambayo robusta inayo kwa wingi, arabika inayo kwa kiasi kidogo mno, na moto wa kukaangia hauifanyi kitu. Ujerumani waliiwekea kipimo chao rasmi cha kromatografia miaka mingi iliyopita. Kilikuwa kipimo cha polepole. Baadaye watafiti wa Norwich, Uingereza, wakaonyesha kwamba mashine ndogo ya mwangwi wa sumaku, ya kuweka mezani, inaweza kuisoma molekuli hiyo kwenye mafuta yaliyokamuliwa kutoka kahawa ya kusaga. Kanuni yake ni ile ile ya mashine za MRI za hospitalini, ila badala ya mwili inasoma molekuli.

Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba arabika haina kabisa molekuli hii. Kwa imani hiyo, ukiiona hata chembe, umemkamata mtu. Mwaka 2018 kundi hilo hilo la Norwich likachapisha kwamba arabika safi nayo inayo kidogo, kiasi kinachoonekana kifaa kikiwa makini vya kutosha. Ushahidi haukubatilika, lakini swali lilibadilika kutoka "ipo?" hadi "imezidi kiasi gani?". Naona hilo ni badiliko kubwa kuliko linavyosikika. Mtu aliyeuziwa kifaa kikali zaidi bila kuelezwa mpaka mpya angeweza kuwaita wezi wakulima waaminifu. Isitoshe kuna aina za arabika zilizozalishwa makusudi kuhimili kutu ya majani, kama Catimor na Ruiru 11 ya Kenya, ambazo zina damu ya robusta kupitia mseto wa Timor. Kisheria na kisokoni ni arabika. Maabara inayopanga mpaka wake lazima iwe imezipima nazo.

Hata hivyo, kati ya maswali yote, hili ndilo kemia inalolijibu vizuri zaidi.

Je, imetoka pale inapodaiwa?

Mwaka 2019 wakulima wa wilaya ya Kona, kisiwa cha Hawaii, walifungua kesi kwenye mahakama ya shirikisho mjini Seattle dhidi ya orodha ndefu ya wauzaji wa rejareja na wasambazaji. Hoja yao ya kwanza haikuwa ya kemia bali ya kujumlisha: Kona inazalisha takriban tani 1,200 za kahawa ghafi kwa mwaka, lakini madukani kunauzwa kama tani 9,000 zenye jina la Kona. Hoja ya pili ndiyo iliyowafanya mawakili wakae mezani. James Ehleringer, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Utah, alipima madini yaliyomo kwenye kahawa ya Kona yenyewe na kwenye kahawa kutoka sehemu nyingine za dunia, kisha akayalinganisha na pakiti za dukani. Alitumia uwiano: strontiamu kwa zinki, bariamu kwa nikeli. Washtakiwa walimaliza kwa kulipa, mmoja baada ya mwingine, na jumla ya malipo ikapita dola milioni 41.

Kwa nini uwiano? Kwa sababu ya moto, tena. Kahawa ikikaangwa inapoteza maji na gesi, uzito unapungua kwa sehemu ya sita hivi, na kiasi cha kila madini kwa gramu kinapanda bila mtu kuongeza kitu. Lakini strontiamu haiungui, zinki haiungui, na zinapanda pamoja. Uwiano wake unabaki vile vile kwenye punje mbichi, iliyokaangwa kidogo na iliyokaangwa hadi nyeusi. Ni ujanja mdogo, na bila huo kesi isingesimama.

Madini hayo yanatoka kwenye udongo, na udongo unatoka kwenye mwamba. Sisi wa Dodoma tunaishi juu ya mfano mzuri. Majabali ya granaiti yaliyochomoza kuzunguka mji huu ni sehemu ya kitako cha kale cha bara, chenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Granaiti ina rubidiamu nyingi, na aina moja ya rubidiamu, yenye uzito wa 87, hubadilika polepole sana kuwa strontiamu ya uzito huo huo. Nusu yake huchukua karibu miaka bilioni 49 kugeuka. Mwamba uliokaa mabilioni ya miaka umekusanya strontiamu 87 nyingi. Mwamba mchanga haujapata muda. Zabibu za Makutupora zinafyonza strontiamu ya mwamba mkongwe. Kahawa ya Kilimanjaro inaota juu ya majivu na lava ya mlima ambao, kwa hesabu ya miamba, ni wa juzi: haujafika miaka milioni 3. Kahawa ya Mbinga, kwenye vilima vya Wamatengo, inaota tena juu ya miamba ya kale. Kwa hiyo kutenganisha Mbinga na Kilimanjaro kwa strontiamu ni jambo lenye mantiki. Kutenganisha Kilimanjaro na Rungwe, ambako nako kuna volkano changa, ni kazi ngumu zaidi, na pale itabidi uite mashahidi wengine.

Shahidi mmoja ni maji. Mawingu yanapopanda mlima, maji yenye oksijeni nzito hutangulia kuanguka, hivyo mvua ya juu ni nyepesi kuliko ya chini, kwa takriban robo ya sehemu moja kwa elfu katika kila mita 100. Mmea unaokunywa mvua hiyo unaibeba alama yake. Ndiyo maana watu wanatumaini kuthibitisha mwinuko wa shamba, jambo ambalo kwenye kahawa maalumu linauzwa kwa bei. Lakini Uchagani kuna mifongo, ile mifereji ya kale inayoteremsha maji kutoka msituni hadi vihambani. Mbuni wa mita 1,200 ukimwagiliwa na maji yaliyonyesha mita 2,000, vipimo vyake vitapandisha shamba mlimani. Mtaalamu asiyejua mifongo ataisoma namba sawasawa na kuielewa vibaya.

Naitrojeni nayo husaidia kidogo kwenye dai la kilimo hai: samadi huacha naitrojeni nzito zaidi kuliko mbolea ya urea. Mkulima anayetumia samadi nyingi na urea kidogo atapita, kwa hiyo nisingelipia kipimo hicho peke yake.

Watu hupenda kusema kahawa ina "alama za vidole" za shamba lake. Sipendi usemi huo. Alama ya kidole ni ya mtu mmoja na haibadiliki maisha yote. Kemia ya kahawa inabadilika na mvua za mwaka, inaingiliana na ya jirani, na magunia ya wakulima mia mbili wa AMCOS moja, yaani chama kimoja cha ushirika, yakishachanganywa kwenye kituo cha kuchakata hakuna shamba tena, kuna wastani wa bonde zima.

Jina ni la nani?

Mizani ya maabara haijui sheria, na hapa mambo yanapinda kwa namna inayotuhusu Watanzania. Japani ni mnunuzi wa miaka mingi wa kahawa yetu, na jina "Kilimanjaro" lina nguvu kubwa kule. Kwa kanuni za uuzaji za Japani, jina hilo halimaanishi mlima. Linamaanisha arabika ya Tanzania, isipokuwa ile ya Bukoba. Kahawa ya Mbinga au Mbozi inaweza kuwekwa kwenye pakiti ya Kilimanjaro huko Tokyo bila mtu kuvunja kanuni yoyote, na mchanganyiko unaruhusiwa kubeba jina hilo ukiwa na angalau asilimia 30 ya kahawa hiyo.

Sasa mchukue mkemia hodari, mpe pakiti hiyo. Atapima strontiamu, ataona mwamba wa kale, ataandika kwamba kahawa hii haikuota Kilimanjaro. Yuko sahihi. Muuzaji wa Tokyo atatoa kanuni zake, naye yuko sahihi. Kabla ya kupima asili, lazima mtu mwenye mamlaka aandike jina lina mipaka gani: wilaya zipi, mwinuko upi, aina zipi za mibuni, asilimia ngapi kwenye mchanganyiko. Kona walishinda kwa sababu Kona ni wilaya yenye mpaka kwenye ramani. Mimi naona sisi tumeliacha jina la Kilimanjaro likifanya kazi ya nchi nzima, na mkulima wa Mbinga ndiye anayepoteza zaidi, kwa kuwa kahawa yake inasifiwa kwa jina la mlima ambao hauonekani kutoka kwao.

Mpaka ukishaandikwa, kunahitajika ghala la sampuli. Hii ndiyo sehemu ya gharama, na ndiyo ambayo watu huisahau wanaponunua mashine. Namba ya strontiamu peke yake haina maana yoyote hadi uilinganishe na za kahawa ulizozichukua mwenyewe, shambani, msimu kwa msimu. Umoja wa Ulaya una benki ya takwimu za isotopu (zile atomu za aina moja zenye uzito tofauti) za mvinyo tangu 1991: kila mavuno, nchi zinazolima zabibu hukusanya zabibu halisi kutoka maeneo yanayojulikana, huzigeuza kuwa mvinyo na kuzipima, ili pakitokea ubishi kuwe na cha kulinganisha cha mwaka huo huo. Kwa kahawa yetu, watu wa kuifanya kazi hiyo wapo. Bodi ya Kahawa iko Moshi, ambako pia mnada umefanyika kwa miaka mingi. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, iko Lyamungu na inafahamu mibuni ya kila kanda. AMCOS na vituo vya kuchakata vinajua nani alileta nini. Tena sheria ya Ulaya ya 2023 dhidi ya ukataji misitu inadai kila shehena ya kahawa iambatane na majira-nukta ya mashamba, yaani namba za GPS za mahali yalipo. Anayetembea shamba kwa shamba na simu kuchukua majira-nukta angeweza kubeba na mfuko wa gramu mia mbili wa kahawa.

Na hiyo "maalumu"?

Hapa nitapita haraka, kwa sababu kemia haina mengi. Kahawa huitwa maalumu ikipata alama 80 au zaidi kati ya 100 mbele ya waonjaji waliofunzwa, na hakuna kifaa kinachotoa alama hizo. Maabara inaweza kuona kasoro. Ile ladha ya viazi mbichi inayosumbua kahawa ya ukanda wa Maziwa Makuu, kwa mfano, inatokana na kemikali za jamii ya pirazini, zinazohusishwa na mashambulizi ya mdudu antestia. Inaweza pia kuona uchakachuaji wa bidhaa za ajabu: mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Osaka na wenzao wa Indonesia walionyesha kwamba kahawa iliyopita tumboni mwa ngawa, ile ya bei ya kuruka, inaweza kutambulika kwa viwango vya asidi ya sitriki, asidi ya maliki na uwiano wa kemikali nyingine mbili. Lakini kahawa safi, ya arabika, ya Kilimanjaro kweli, inaweza kuwa na alama 74. Vipimo vyote itavipita, na kikombe kitakuwa cha kawaida tu.

Kabla ya kulipia kipimo

Nyumbani kuna jaribio moja linalofaa. Nyunyiza kijiko cha kahawa ya kusaga juu ya glasi ya maji baridi, usikoroge. Kahawa ina mafuta, huelea kwa muda. Chikori huzama mapema na kuacha michirizi ya rangi ndani ya sekunde chache. Jaribio hilo halisemi lolote kuhusu robusta wala kuhusu Kilimanjaro, hata kama video za mitandaoni zinadai hivyo.

Kwa mkaangaji mdogo wa hapa Dodoma anayenunua magunia machache ya kilo 60, ushauri wangu ni huu. Sampuli asichukue juu ya gunia moja. Achomoe kidogo kidogo kutoka magunia mengi, juu, katikati na chini, achanganye, agawe mara mbili, nusu apeleke, nusu aifunge na kuihifadhi kwa ajili ya ubishi. Apime kahawa ikiwa bado haijakaangwa, maana ndipo ushahidi ulipo mwingi. Amwambie mkemia swali moja, kwa maandishi.

Na ripoti ikirudi, aisome kwa makini sentensi ya mwisho. Maabara nzuri haiandiki "hii ni kahawa ya Kilimanjaro". Huandika kwamba matokeo "hayapingani" na asili hiyo, au kwamba yanapingana nayo. Kupingana ni jambo zito: ukipata hivyo, mrudishie muuzaji magunia yake. Kutopingana kunamaanisha tu kwamba kati ya sampuli za rejea zilizopo, hakuna iliyoleta mashaka, na kama ghala la rejea lina sampuli ishirini za msimu mmoja, maneno hayo ni mepesi sana. Kwa hiyo swali la kumuuliza mkemia kabla ya kutoa pesa ni hili: mna sampuli za wilaya zipi, na za misimu gani? Akijibu kwamba hawana, mwombe kipimo cha arabika na robusta peke yake, na pesa iliyobaki tumia kupiga simu AMCOS iliyoandikwa kwenye stakabadhi, uulize kama waliuza kahawa hiyo na kwa nani.